Kiinua Mgongo

Miaka thelathini na moja niliendesha basi la umeme
hapa Kaunas, njia namba saba,
limefungwa kwenye nyaya za juu kama mbuzi,
nami nikala urefu wa kamba yangu, kituo kwa kituo,
wala sikulalamika sana.

Siku ya kustaafu walinipa keki, saa ya ukutani
na kiinua mgongo.
Dada yangu Elvyra akasema, tengeneza paa.
Paa! Nani amewahi kusafiri juu ya paa?

Sokoni Marijampolė nililikuta mwisho wa safu,
jeusi, la Kijerumani, viti vya ngozi rangi ya asali,
mlango wake haufungwi, unanong'onezwa.
"Lilikuwa la daktari wa Hamburg," muuzaji akaapa,
"aliliendesha Jumapili tu, tena akienda karibu."
Kibaya chajitembeza, nililijua hilo tangu utotoni;
lakini hili halikujitembeza. Lilitulia.
Mimi ndiye niliyelizunguka mara nne
kama mtu anayeposa.

Kwa siku mbili sikujua mimi ni nani.
Nilipita kituo changu cha zamani bila kusimama.

Asubuhi ya tatu, baridi nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
nikafungua pazia:
gari limepiga magoti kwenye theluji,
tumbo chini, pua chini,
kama kikongwe aliyesinzia katikati ya misa.

"Halina springi," akasema fundi Rimvydas, akijifuta mikono
kabla hata hajagusa kitu.
"Linasimama kwa pumzi. Mifuko minne ya hewa."
"Na pumzi ikitoka?"
Akalitazama tu.

Kila mfuko euro mia saba. Na pampu,
maana pampu ilijiua usiku ikijaribu kuijaza.
Na maji chini ya zulia, na waya zilizooza humo,
na ile taa ya manjano ambayo, akasema, tuiache kwanza,
tusiamshe kila aliyelala.
Nikauza cherehani.
Nikauza skii za marehemu Alfonsas, aliyechukia theluji.

Kisha akachomeka kompyuta yake.
Dashibodi ilisema kilomita laki moja na kumi elfu.
Giaboksi, ambayo hakuna aliyekumbuka kuihonga,
ikasema laki sita na tisini.
Halafu, kwenye bawaba ya mlango wa nyuma,
akabandua kwa kucha ukanda mwembamba wa plastiki,
rangi ya maziwa yaliyoanza kuchacha.
"Teksi," akasema. "Kule huzivika ngozi hii.
Wakishazichosha, huzivua."

Nilipaswa kulia. Euro elfu tisa!
Badala yake niliingia nikaketi kiti cha nyuma,
pale walipolala walevi, walipobana meno wajawazito,
pale mtu fulani alipohesabu sarafu akakuta hazitoshi
na dereva akasema, haya, shuka.
Daktari gani! Huyu ni mwenzangu wa kazi,
naye alikatiwa keki yake akatumwa Marijampolė.

Usinielewe vibaya: yule muuzaji nikimkuta
nitamning'iniza kwenye nyaya za namba saba.

Mifuko miwili imelipwa, ya mbele.
Kila alfajiri natoka na mkongojo, nawasha,
nasikiliza pampu mpya ikikohoa, nimejishika kiuno,
tunaangaliana nani atanyooka kwanza.

Leo liliinua pua tu, nyuma likabaki limekaa
kama mbwa anayengoja mkate.
Nikapanda namba saba kwenda kumwona daktari wa mgongo.
Dereva ni kijana, mpya, ana nywele nzuri.
Anakanyaga breki kama anaua mende.